Jinsi ya kupiga picha na kupima gesi na kimiminika vinavyopita ndani ya bomba kwa sensa za umeme, kuanzia foili ya shaba mpaka lita kwa sekunde

Una bomba, ndani yake gesi na kimiminika vinapita pamoja, na unataka kujua gesi ni kiasi gani, imekaa upande gani wa bomba na inaenda spidi gani. Unaweza kutumia mionzi ya gama au eksirei, zote zinafanya kazi vizuri tu, ila zina vibali, zina gharama na zina hatari ya mionzi. Sensa za umeme hazina hayo, zinasoma haraka, na sehemu kubwa unaweza kuijenga mwenyewe mezani. Ila niseme mapema kabla hatujagusa mkasi: ile picha ya rangi inayotokea kwenye skrini ndo kitu cha mwisho kuaminiwa. Programu ya kutengeneza picha haijui aibu, ukiipa takataka itakuchorea kitu kizuri cha mviringo chenye bluu na nyekundu na utaamini ni gesi. Kwa hiyo mwongozo huu umekaa sana kwenye namba mbichi na kukalibreti, picha inakuja baadaye.

Hatua ya 1: jua umeme unakionaje kimiminika chako

Hapa ndo kila kitu kinaamuliwa na wengi wanaparuka. Kuna mambo mawili tu, pemitiviti (kitu kinashika chaji kiasi gani kikiwa kwenye uwanja wa umeme) na upitishaji umeme. Hewa ina pemitiviti ya 1 (uwiano na ombwe), mafuta mengi yapo karibu na 2.2, maji kwenye nyuzi 20 yapo kama 80. Ukiwa na mafuta na gesi, hakuna kinachopitisha umeme, unapima kapasitansi (uwezo wa vipande viwili vya chuma kutunza chaji kati yao) na maisha yanaenda. Ukiwa na maji ya kawaida na hewa, maji yanapitisha umeme, na hapo kapasitansi inaanza kukusumbua.

Watu wanasema "lakini maji ni 80, si tofauti kubwa zaidi, si itakuwa rahisi zaidi?" Hapana. Chukua maji yenye upitishaji wa 500 mikrosimensi kwa sentimita, yaani 0.05 simensi kwa mita. Frikwensi ambayo mkondo wa kapasitansi unalingana na mkondo wa kupitisha ni upitishaji gawanya kwa 2π mara pemitiviti kamili, ukipiga hesabu unapata kama megahezi 11. Chini ya hapo maji yanafanya kazi kama waya, na saketi nyingi za kapasitansi zinaenda kilohezi mia kadhaa mpaka megahezi moja hivi, kwa hiyo uko mbali kabisa. Maji yakishagusa kitu chochote cha chuma kilichounganishwa na ardhi huko mbele ya bomba, uwanja wako wa umeme umepotea na namba zinabadilika kwa sababu ambazo hazina uhusiano wowote na gesi.

Kwa hiyo kanuni ni hii, mafuta na gesi: kapasitansi. Maji na gesi: rezistansi, au nyavu ya waya (nitaieleza hatua ya 2). Maji, mafuta na gesi vyote vitatu pamoja ni mradi mwingine kabisa, usianzie huko.

Swali la pili ni nani amelowanisha ukuta wa bomba. Sensa ya rezistansi inahitaji elektrodi (vipande vya chuma vya kupimia) ziguse maji muda wote. Bomba likiwa limelala, maji chini na hewa juu, elektrodi za juu zinaning'inia hewani na kila kipimo kinachozihusu ni uchafu. Bomba likisimama na mapovu yako ndani ya maji, hapo sawa kabisa. Kapasitansi haina tatizo hili kwa sababu elektrodi ziko nje ya ukuta.

Hatua ya 2: amua unahitaji picha kweli au namba moja

Kama unachotaka ni asilimia ya gesi tu, usijenge tomografia (kuchora picha ya ndani ya bomba kutokana na vipimo vya kulizunguka). Weka pete mbili za chuma cha pua ndani ya bomba kwa maji, au bamba mbili za shaba nje kwa mafuta, kalibreti, umemaliza. Nasema hivi kwa sababu tomografia ni kazi ya wiki nyingi na pete mbili ni kazi ya siku moja, na kwa asilimia ya wastani kwenye mtiririko uliochanganyika vizuri pete mara nyingi hazitakuangusha.

Ukitaka kuona gesi imekaaje ndani ya duara la bomba, chaguo ni tatu:

Tomografia ya kapasitansi, elektrodi 8, 12 au 16 zimezunguka bomba la plastiki kwa nje, haigusi kitu. Ilikuzwa sana kwenye chuo cha UMIST kule Manchester, Uingereza, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980. Picha yake ni laini, ina ukungu, usitegemee kuona kitu kidogo kuliko kama asilimia 5 hadi 10 ya kipenyo, na katikati ya bomba ndo inaona vibaya zaidi.

Tomografia ya rezistansi, elektrodi kawaida 16 zinagusa kimiminika, ukungu wake ni uleule.

Nyavu ya waya, hii ni ya Prasser na wenzake wa kituo cha utafiti cha Rossendorf, Ujerumani, waliitoa mwaka 1998. Unanyoosha waya nyembamba zikikatiza bomba, safu moja inatuma na safu ya pili kwa pembe mraba inapokea, zimeachana milimita chache tu, kila makutano ni pikseli. Haina hesabu ya kinyumenyume kabisa, kinachopimwa kwenye makutano ndo kilichopo hapo. Inapiga maelfu ya fremu kwa sekunde. Ubaya wake, imo ndani ya mtiririko, inakata mapovu, na povu likishapita pale sio lile tena. Maoni yangu: maabara, maji na hewa, hakuna uchafu unaonasa, chukua nyavu. Kwingine kote chukua zile zisizogusa ukubaliane na ukungu.

Sehemu kubwa ya kinachofuata ni ya kapasitansi yenye elektrodi 12 kwa mafuta na hewa, maji nitayarudia mbele.

Hatua ya 3: spidi ya kusoma kabla ya kununua chochote

Vipimo huru kwa elektrodi N ni N(N−1)/2. Nane zinatoa 28, kumi na mbili zinatoa 66, kumi na sita zinatoa 120. Ukiongeza elektrodi unapata vipimo vingi ila kila elektrodi inakuwa nyembamba na ishara yake inapungua, kwa hiyo 12 ni mahali pazuri pa katikati.

Sasa fikiria chipu kama AD7746, ambayo inapima kapasitansi moja kwa moja, ina usikivu mzuri ajabu, ila inatoa kiwango cha juu kama vipimo 90 kwa sekunde. Vipimo 66 kwa fremu moja inamaanisha karibu sekunde 0.7 kwa fremu, hata kabla hujahesabu muda wa kutulia baada ya kubadili swichi. Slagi (pande la kimiminika linalojaza bomba, likipishana na povu refu la gesi) inayoenda mita 2 kwa sekunde imeshasogea karibu mita moja na nusu wakati wewe bado unakusanya fremu moja, kwa hiyo picha yako ni mchanganyiko wa kichwa cha slagi na mkia wake. Kwa kujifunza, kwa vitu vilivyotulia, kwa kupima kina cha mafuta kwenye bomba lililolala, chipu hiyo ni nzuri sana na ningeanza nayo. Kwa mtiririko halisi unahitaji angalau fremu 100 kwa sekunde, na hapo inabidi ujenge saketi ya mkondo geu yenye chaneli za kupokea zinazosoma kwa pamoja.

Hatua ya 4: kujenga sensa

Kipande cha bomba la akriliki, tuseme ndani milimita 50, nje 60. Mzunguko wa nje ni 188.5, gawanya kwa 12 unapata 15.7 kwa kila elektrodi. Kata foili ya shaba yenye gundi upana 13.7 na uache nafasi ya milimita 2 kati yake. Urefu weka 100. Urefu ni biashara ya kubadilishana: ukiweka fupi sana uwanja unatoroka kwa pande na ishara inakuwa ndogo, ukiweka ndefu kila kitu ndani ya urefu huo kinachanganywa kuwa wastani mmoja, mbele ya slagi iliyokatika kama kisu utaiona kama mteremko. Kati ya kipenyo kimoja na viwili ni sawa.

Usikate kwa mkasi moja moja. Chora mpangilio wote kwenye karatasi, au bora zaidi agiza saketi laini inayopindika yenye elektrodi zote zikiwa zimechapishwa, uizungushe bomba mara moja. Tofauti ya nusu milimita kati ya elektrodi itakuonekania baadaye kwenye namba.

Kwenye zile nafasi za milimita 2 weka ukanda mwembamba wa shaba uliounganishwa na ardhi, kazi yake ni kupunguza kapasitansi kubwa ya jirani kwa jirani inayopita nje bila kupita ndani ya bomba. Juu na chini ya elektrodi weka pete za ngao, nazo ardhi, au ukiweza ziendeshwe kwa volteji ileile ya elektrodi ili uwanja unyooke. Halafu vika yote ndani ya bomba la alumini au shaba lenye kipenyo cha ndani kama 80, lishikwe imara lisicheze, liunganishwe na ardhi. Imara kweli, ngao ikisogea kidogo tu kapasitansi zote zinasogea.

Kila elektrodi iwekee rezista ya megaohmu 1 kwenda ardhini. Mafuta yakisugua plastiki yanazalisha umeme tuli, na bila njia ya kuutoa unaweza kuunguza mlango wa saketi yako.

Na hapa usalama kidogo: usitumie kimiminika kinachowaka kirahisi wala gesi inayowaka na vifaa vya kujijengea. Swichi, rezista, umeme tuli, vyote hivyo ni cheche zinazosubiri. Tumia hewa na mafuta yenye joto la kuwaka la juu sana, presha ndogo, na akriliki ikishaonyesha nyufa za nywele itupwe. Viwandani vifaa vya sehemu zenye gesi inayolipuka vina vyeti vyake, hiyo sio sehemu ya kujaribia.

Hatua ya 5: saketi, na adui anayeitwa kebo

Ukubwa wa unachopima ndo unashangaza watu. Elektrodi jirani zinaweza kuwa na mamia ya femtofaradi, zinazotazamana chache tu mpaka makumi, na badiliko la gesi ni sehemu ndogo ya hiyo. Kebo ya koaksi ya kawaida ina kama pikofaradi 100 kwa mita, yaani femtofaradi laki moja. Unatafuta mabadiliko ya femtofaradi moja pembeni ya laki moja, ni kama kumsikiliza mtu ananong'ona uwanja mzima ukishangilia goli.

Kinachookoa ni mpangilio wa saketi. Upande wa kutuma, chanzo kiwe na ukinzani mdogo, hivyo kapasitansi ya kebo inakula mkondo wa chanzo na haiingii kwenye kipimo. Upande wa kupokea, elektrodi ishikwe kwenye ardhi ya uongo na op-amp (chipu ya kukuza ishara), volteji kati ya waya wa ndani na ngao ya kebo inakuwa karibu sifuri, kebo haina cha kuchaji. Elektrodi nyingine zote ziwe ardhini wakati huo, zisiachwe zikielea hata moja. Ukiweka kapasita ya 10 pF kwenye mrejesho wa op-amp, chanzo cha volti 18 kilele kwa kilele, na kapasitansi ya 10 fF, unatoka na milivolti 18. Inapimika, mradi ufuate na kizidishi kinachofuata awamu ya chanzo ili kelele ya frikwensi nyingine ife.

Swichi za kuchagua elektrodi zina uvujaji wao. Tumia mbili mfululizo na ya tatu katikati inayopeleka ardhini wakati hizo mbili zimezimwa, ile inaitwa umbo la T. Swichi moja tu haitoshi kabisa, kapasitansi yake ikiwa imezimwa inaweza kuwa kubwa kuliko unachopima.

Ukitumia AD7746, kumbuka inavumilia kapasitansi ya pembeni mpaka kama pikofaradi 60 kwenda ardhini, kwa hiyo kebo isizidi nusu mita, iwe fupi kadiri iwezekanavyo.

Mpangilio wa kusoma: tuma kwenye 1, pokea 2 mpaka 12. Tuma kwenye 2, pokea 3 mpaka 12. Endelea mpaka 11 na 12. Zinatimia 66.

Hatua ya 6: bomba tupu, kabla ya tone lolote la kimiminika

Kama kuna hatua moja ya kuipa muda ni hii. Bomba kavu, tupu, soma zote 66 na uzichore. Kwa kila elektrodi inayotuma, kapasitansi kwenda kwa nyingine 11 lazima itoe umbo la U: juu kwa jirani, inashuka, chini kabisa kwa inayotazamana nayo, inapanda tena. Chora U zote 12 juu ya nyingine, zinatakiwa zilaliane karibu kabisa.

Sasa soma matatizo moja kwa moja kutoka kwenye U. Ikiwa pointi moja tu imeruka kwenye mistari yote inayohusu elektrodi 5, elektrodi 5 ina waya mbaya au foili imeinuka. Ikiwa jirani moja iko juu sana kuliko jirani nyingine, ukanda wa ardhi kati yao umekatika. Ikiwa U nzima imepanda kwa kiasi kilekile, una uvujaji kwenye swichi, au chanzo kinaonana na mpokeaji kwenye bodi yenyewe. Ikiwa chini ya U ni kelele tupu, ongeza wastani wa vipimo au volteji ya chanzo. Halafu pima 3 kwenda 7 na 7 kwenda 3, lazima zifanane, fizikia inalazimisha hivyo, zisipofanana saketi ndo ina kasoro wala sio bomba.

Acha mfumo uwake kama saa moja, soma tena, angalia zimetembea kiasi gani. Usiendelee mpaka kutembea huko kuwe kudogo sana kuliko tofauti utakayoipata kati ya tupu na jaa.

Hatua ya 7: kukalibreti

Chukua seti ya tupu, iite Cl. Chukua kwanza bomba likiwa halijawahi kuguswa na mafuta siku hiyo, kwa sababu ukishajaza na kumwaga, utando wa mafuta unabaki ukutani na tupu yako inakuwa sio tupu tena. Halafu jaza kabisa, bomba lisimamishwe au liinamishwe na ligongwegongwe mpaka hewa yote itoke, soma Ch. Joto la mafuta liandike.

Kila kipimo baadaye kinageuzwa: λ = (C − Cl)/(Ch − Cl). Sifuri ni gesi tupu, moja ni kimiminika tupu. Kuna njia nyingine inayotumia kinyume cha C kila mahali, ile inachukulia tabaka zimepangana mfululizo badala ya sambamba, jaribu zote mbili na uone ipi inakupa jibu sahihi kwenye kitu unachokijua. Usishangae jirani wakitoa chini ya 0 au juu ya 1, ukuta wa bomba unapinda uwanja na hilo ni la kawaida. Ila zinazotazamana zikizidi sana, rudi kwenye hatua ya 6.

Hatua ya 8: sasa picha

Gawa duara kuwa gridi ya 32 kwa 32, ndani ya mviringo zinabaki pikseli 812. Vipimo ni 66 na visivyojulikana ni 812, kwa hiyo hakuna jibu moja, kila algorithimu inachagua jibu kwa dhana zake. Hili likumbuke kila unapoona ukingo mzuri wa povu.

Unahitaji ramani ya usikivu S, matriksi ya 66 kwa 812 inayosema kila pikseli inasukuma kila kipimo kiasi gani. Unatatua mlinganyo wa Laplace kwa kompyuta, elektrodi moja ikiwa na volteji na nyingine sifuri, halafu usikivu wa jozi i na j kwenye pikseli ni zao la nukta la nyanja mbili za umeme, ya i na ya j. Programu za EIDORS ya Octave au MATLAB na pyEIT ya Python zimeandikwa kwa tomografia ya impidansi lakini hesabu ni ndugu moja, wavu wa hesabu (mesh) na kitatuzi unaweza kuvipata humo. Usisahau kuweka ukuta wa bomba na pemitiviti yake kwenye modeli, akriliki ni kama 3 hivi.

Picha ya kwanza: zidisha Sᵀ (S ambayo safu za mlalo na za wima zimebadilishana) na λ, gawanya kwa jumla ya usikivu wa kila pikseli. Inakuja papo hapo, ina ukungu mwingi, inafaa kwa kuangalia wakati kazi inaendelea.

Picha bora kidogo: njia ya kurudiarudia ya Landweber, g ikiwa ni picha yenyewe. Anza na ile ya kwanza, kisha rudia g mpya = g + α·Sᵀ(λ − S·g), na kila mzunguko kata vilivyo chini ya 0 na juu ya 1. α iwe chini ya 2 gawanya kwa thamani aigeni kubwa kuliko zote ya SᵀS, vinginevyo inalipuka. Mizunguko kati ya 50 na 200. Picha inakuwa kali mwanzoni halafu ukizidisha inaanza kuchora kelele, kwa hiyo zaidi sio bora.

Hatua ya 9: ithibitishe kwa vitu usivyoweza kubishana navyo

Bomba lililolala, jaza mafuta mpaka kina cha robo ya kipenyo. Asilimia ya eneo sio 25, ni 19.6, jiometria ya duara ndo iko hivyo, na wengi wanajilaumu kwa kosa ambalo halipo. Jaza nusu, lazima usome 50 karibu. Halafu bomba lijae na uingize mrija mwembamba wa plastiki uliozibwa wenye hewa, kipenyo 20 kwenye bomba la 50 ni asilimia 16 ya gesi. Uweke ukutani, usome, uweke katikati, usome tena. Utaona namba zinatofautiana na ya katikati ina ukungu zaidi. Tofauti hiyo ndo kosa lako halisi la mfumo, iandike, hiyo ndo utakayoiweka kwenye ripoti badala ya kosa la chipu lililoandikwa na mtengenezaji.

Kwa wale wa maji

Tomografia ya rezistansi, elektrodi 16 ndogo za chuma cha pua, mkondo geu wa miliampia chache kwenye kilohezi kama 10 (mkondo wa moja kwa moja utaleta viputo vya umeme kwenye elektrodi zenyewe na utapima viputo ulivyovitengeneza wewe). Unatuma kwenye jozi jirani, unapima volteji kwenye jozi jirani nyingine, vipimo huru ni N(N−3)/2 yaani 104.

Kutoka upitishaji kwenda gesi tumia fomula ya Maxwell kwa mapovu yaliyotawanyika: α = (2σ₁ − 2σm)/(2σ₁ + σm), α hapa ni sehemu ya gesi (sio ile ya Landweber), σ₁ ni upitishaji wa maji matupu na σm ni wa mchanganyiko. Maji 500, mchanganyiko 400, unapata 200 kwa 1400, asilimia 14.3.

Sasa joto. Upitishaji wa maji unapanda kama asilimia 2 kwa kila nyuzi moja. Pampu imezungusha maji yakapanda nyuzi 5, maji sasa ni 550 na mchanganyiko uleule unasoma 440, lakini programu yako bado inaamini 500. Inapiga 120 kwa 1440, inatoa asilimia 8.3. Gesi haijabadilika hata kidogo na wewe umepoteza karibu nusu yake. Kwa hiyo kipimajoto kando ya sensa na masahihisho ya kila fremu ni lazima.

Kwa nyavu, waya 16 kwa 16 kwenye bomba la 50 zinaachana kama milimita 3. Waya moja inatumiwa kipigo, nyingine zote za kutuma zinashikwa ardhini kwa ukinzani mdogo, ukiziacha zielee kila makutano yanaonja jirani yake. Vipigo viwe vya chanya na hasi kwa zamu.

Hatua ya 10: kusoma mtindo wa mtiririko

Sensa iwe mbali na mahali gesi inapoingizwa, vipenyo 50 hadi 100 kama nafasi ipo, la sivyo unapima umbo la kichanganyio. Chukua wastani wa pikseli zote kwa kila fremu, una mstari wa gesi dhidi ya muda. Tengeneza histogramu yake. Jones na Zuber walionyesha mwaka 1975 kwamba histogramu pekee inatambua mtindo: kilima kimoja upande wa gesi kidogo ni mapovu, vilima viwili ni slagi, kilima kimoja upande wa gesi nyingi ni mtiririko wa pete ambapo kimiminika kimetambaa ukutani na gesi ipo katikati. Na ona kwamba hukuhitaji picha yoyote hapa, wastani wa λ ungekufikisha karibu hapohapo. Picha inalipa pale unapotaka kujua gesi imeegemea upande gani.

Hatua ya 11: spidi na kiasi kinachopita

Weka seti mbili za elektrodi kwenye bomba hilohilo, zimeachana L. Ishara ya kwanza inajirudia kwenye ya pili baada ya muda τ, unaupata kwa korilesheni ya mistari miwili (unasogeza mmoja mpaka ulaliane na mwingine vizuri zaidi), spidi ni L gawanya τ. L ya sentimita 10 na spidi ya mita 2, τ ni milisekunde 50. Kwa fremu 100 kwa sekunde hizo ni fremu 5 tu, ukikosea nusu fremu umekosea asilimia 10. Kwa fremu 1000 ni fremu 50 na kosa linashuka mpaka 1. Unaweza kuongeza L badala ya kuongeza fremu, ila ukizidisha mtiririko unabadilika umbo njiani na kilele cha korilesheni kinafifia. Kupitisha parabola kwenye pointi tatu za kilele kunasaidia sana na ni bure.

Angalizo kubwa: unachopata ni spidi ya maumbo. Kwenye slagi, maumbo ni mapovu marefu na yanaenda na gesi, safi. Kwenye mtiririko wa pete unaona mawimbi ya utando ukutani, ambayo ni mapole kuliko gesi ya katikati, ukizidisha na eneo la gesi utapata gesi pungufu sana. Kwenye tabaka mbili tulivu hakuna umbo lolote na korilesheni itakupa namba ya bahati nasibu, programu iweke kizingiti, kilele kikiwa kifupi isitoe jibu.

Kwa bomba lililosimama kuna kipimo cha haraka cha akili, fomula ya Nicklin: spidi ya povu refu ni 1.2 mara spidi ya mchanganyiko, jumlisha 0.35 mara mzizi wa gD (g ni mchapuko wa uvutano wa dunia, D ni kipenyo kwa mita). Bomba la 50, mchanganyiko mita 1.5, unapata 1.8 jumlisha 0.245, kama mita 2.05. Korilesheni yako ikisema 3.5, tafuta kasoro kabla ya kutafuta ugunduzi.

Mwisho unazidisha: eneo la bomba la 50 ni mita za mraba 0.00196, gesi asilimia 40, spidi ya gesi mita 2, inatoka lita 1.57 kwa sekunde. Hiyo ni kwa presha iliyopo hapo kwenye sensa. Kama mita ya gesi iko huko nyuma kwenye baa 3 na sensa iko kwenye baa 1.5 (zote presha kamili, yaani kuhesabu kutoka ombwe), joto likiwa lilelile, ujazo wa gesi ileile umeongezeka mara mbili njiani, na kabla hujaanza kugombana na mita linganisha kwanza presha hizo mbili, kwa hiyo toboa tundu la kipima presha karibu kabisa na sensa tangu siku unakata bomba.